Thamani ya Cheti cha Kitaaluma: Tupime Kabla ya Kulipa

Mada iliyotolewa mbele ya wanafunzi wa mwaka wa mwisho wa fani za TEHAMA na usimamizi wa miradi



Aghalabu sisi huitwa mambo yakiwa yamekwisha kuharibika: fedha zimelipwa, huduma haikupatikana, na mlalamikaji ana karatasi mkononi asiyojua aipeleke wapi. Leo mmetuita mapema, kabla hamjalipa chochote. Kwetu sisi ambao kazi yetu ni kumlinda mlaji, hiyo ni heshima, na pia ni ahueni.

Mmetuomba tuzungumzie thamani ya vyeti vya kitaaluma katika teknolojia ya habari na usimamizi wa miradi. Mara nyingi swali hili hutufikia mezani kwa sura moja tu: "Nikilipa, nitapata kazi?" Hatutalijibu kwa ndiyo wala kwa hapana. Tutaanza na lalamiko moja tulilolishughulikia, kisha tutaeleza cheti hiki ni kitu gani, kinamfaa nani, kinagharimu nini, na mtu aulize maswali gani kabla ya kutoa fedha yake.

Lalamiko lenyewe

Dada mmoja mwenye shahada alifika ofisini kwetu akiwa na bahasha. Alikuwa amekopa katika kikoba cha mama yake ili alipie mafunzo ya siku tano ya usimamizi wa miradi. Tangazo lilisema kwa herufi kubwa: Mafunzo ya PMP pamoja na cheti. Alihudhuria siku zote tano, wala hakuchelewa hata siku moja. Siku ya mwisho akakabidhiwa cheti chenye nakshi za rangi ya dhahabu na muhuri mwekundu. Akarudi nyumbani, akaandika herufi hizo tatu baada ya jina lake katika wasifu wake wa kazi.

Miezi miwili baadaye aliitwa kwenye usaili. Mmoja wa wasaili akafungua orodha ya wenye cheti hicho katika tovuti ya taasisi inayokitoa, akaandika jina la mwombaji, jina halikuonekana. Dada yetu akatoa cheti chake kwenye bahasha. Akaambiwa, mbele ya watu wanne, kwamba amejipa sifa asiyokuwa nayo. Yeye hakukusudia kumdanganya mtu. Aliamini alichokuwa nacho. Lakini mwajiri hana kipimo cha nia. Alikuwa na orodha, na katika orodha jina halikuwamo.

Tulipolichunguza lalamiko hilo, tuliona kwamba tangazo halikuwa na neno hata moja la uongo ulio wazi. Mafunzo yalikuwapo, na cheti kilikuwapo. Kilichokosekana ni maelezo kwamba cheti hicho kilikuwa cha kuhudhuria mafunzo, na kwamba kati ya kuhudhuria na kuwa na PMP kuna maombi, uzoefu wa kazi na mtihani. Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003 inakataza mwenendo wa kumpotosha mlaji katika biashara, na mtu anaweza kupotoshwa kwa lililonyamaziwa kama anavyopotoshwa kwa lililosemwa. Baada ya mazungumzo, kituo kilikubali kurudisha nusu ya ada. Nusu nyingine ya mkopo wa kikoba ilibaki mabegani mwa mama na binti. Na kazi ile haikurudi.

Vyeti vitatu vinavyochanganywa

Chanzo cha msiba huo ni kwamba katika lugha yetu neno "cheti" linabeba mizigo mitatu tofauti.

Cha kwanza ni cheti cha kuhudhuria. Hiki humwambia msomaji kwamba mtu fulani alikaa darasani kwa muda fulani. Hakisemi kama alielewa. Kinatolewa na yule yule aliyefundisha na aliyelipwa.

Cha pili ni cheti cha umahiri wa kitaaluma. Hiki hutolewa na taasisi iliyoweka kiwango, ikampima mtu kwa mtihani, na mara nyingi ikadai uthibitisho wa kazi aliyokwisha kuifanya. Ipo kanuni ya kimataifa inayohusu taasisi za namna hii, ISO/IEC 17024, ambayo inasisitiza kwamba anayepima asiwe na upendeleo, na kwamba shughuli ya kufundisha isiharibu haki ya upimaji. Hekima yake ni nyepesi: mpishi asiachiwe peke yake kazi ya kutangaza kwamba chakula chake kimeiva.

Cha tatu ni leseni. Daktari, wakili na mhandisi hawaruhusiwi na sheria kufanya kazi zao bila kusajiliwa na chombo husika. Lakini kukosa CCNA hakumzuii mtu kisheria kufunga mtandao wa ofisi, wala kukosa PMP hakumzuii kusimamia mradi wa kisima. Kwa hiyo thamani ya cheti cha umahiri katika fani zetu hizi haitokani na amri ya sheria. Inatokana na imani ya waajiri na wateja, na imani hiyo hudumu madhali kipimo kinaaminika.

Tuchukue mfano wa sokoni. Mnunuzi wa mchele hana namna ya kujua kama mizani ya muuzaji inasema kweli. Ndiyo maana Wakala wa Vipimo huikagua na kuiwekea alama. Alama ile haiongezi punje hata moja kwenye mchele. Inampunguzia mnunuzi shaka. Na kwa sababu mizani huchakaa, ukaguzi hurudiwa. Cheti cha umahiri hufanya kazi hiyo hiyo. Mwajiri aliyepokea maombi mia mbili hawezi kumjua kila mwombaji. Cheti kinampunguzia shaka. Na kwa kuwa maarifa huchakaa kama mizani, vyeti vingi vina ukomo. CompTIA A+, CCNA ya Cisco na PMP vyote hudumu miaka mitatu, kisha mwenye navyo hupaswa kuvihuisha kwa masharti yaliyowekwa.

Cheti kipi kinamfaa nani

Kosa tunaloliona mara nyingi ni la mtu kununua mafunzo ya ngazi asiyoifikia. Hebu tuzipange ngazi hizo.

Kwa anayeanza katika TEHAMA, CompTIA A+, iliyoanza mwaka 1993, hupima ufundi wa kompyuta na msaada kwa watumiaji, na hupatikana kwa kufaulu mitihani miwili. CCNA, iliyoanzishwa na Cisco mwaka 1998, hupima misingi ya mitandao. Hiyo haina sharti rasmi la uzoefu: mwanafunzi aliyejiandaa vizuri anaweza kuufanya mtihani wake.

Kwa anayeanza katika usimamizi wa miradi, ipo CAPM, ambayo inatolewa na taasisi ile ile ya PMP, yaani Project Management Institute ya Marekani, iliyoanzishwa mwaka 1969. CAPM inadai elimu ya sekondari au inayolingana nayo, pamoja na saa 23 za mafunzo ya usimamizi wa miradi. Haidai kwamba mtu awe amekwisha kuongoza mradi. Upo pia mfumo wa PRINCE2, uliozaliwa katika serikali ya Uingereza na kutolewa kwa jina hilo mwaka 1996. Ngazi yake ya msingi nayo haidai uzoefu.

PMP yenyewe, iliyoanza mwaka 1984, ni ya watu waliokwisha kuongoza miradi. Kwa kawaida, mwenye shahada ya miaka minne anatakiwa awe na miezi 36 ya kuongoza miradi. Asiye na shahada, miezi 60. Miradi miwili ikiendeshwa ndani ya mwezi mmoja, mwezi huo huhesabiwa mara moja tu. Pamoja na hayo, zinatakiwa saa 35 za mafunzo, kisha mtihani wa maswali 180. Baadhi ya maombi huteuliwa kukaguliwa, na hapo mwombaji hutakiwa kutoa ushahidi wa wale waliomsimamia kazini. Dada wa lalamiko letu alikuwa na miezi saba.

Katika ukaguzi wa mifumo, CISA imekuwapo tangu mwaka 1978 na inadai miaka mitano ya uzoefu, ingawa masomo yanaweza kupunguza sehemu ya miaka hiyo. Katika usalama wa mifumo, CISSP nayo inadai miaka mitano. Lakini vyeti hivi viwili vinaruhusu jambo ambalo vijana wengi hawalijui: mtu anaweza kufanya mtihani kwanza, kisha akakamilisha uzoefu baadaye. Aliyefaulu mtihani wa CISA ana miaka mitano ya kuomba cheti chake. Aliyefaulu wa CISSP bila uzoefu hutambuliwa kama mshiriki, na hupewa miaka sita kuutimiza. Lakini katika kipindi hicho haruhusiwi kuandika CISSP baada ya jina lake.

Hapa tuna neno kwa waajiri pia. Tumekwisha kuona matangazo ya kazi za kuanzia, yanayodai mwombaji awe mhitimu asiye na uzoefu na wakati huo huo awe na PMP. Mambo hayo mawili hayakai chungu kimoja. Tangazo la namna hiyo humsukuma kijana kwa wauzaji wa njia za mkato, kisha mwajiri yule yule akalalamika kwamba vyeti vya siku hizi havina maana.

Gharama isiyoandikwa kwenye tangazo

Ada ya mafunzo ndiyo inayotangazwa. Lakini mlaji mwangalifu hujumlisha mambo matano: ada ya mafunzo, ada ya mtihani, ambayo kwa vyeti vingi vya kimataifa hutozwa kwa dola, nauli na malazi, ikiwa kituo cha mtihani kiko mji mwingine, ada ya kurudia, endapo hakufaulu mara ya kwanza, na gharama ya kuhuisha cheti kila kipindi kinapokwisha. Mwenye PMP, kwa mfano, hutakiwa kukusanya vipimo 60 vya kujiendeleza kitaaluma ndani ya miaka mitatu. Mwenye CISA hutakiwa kukusanya saa 120 katika muda kama huo, na zisipungue 20 kwa kila mwaka. Baadhi ya saa hizo hupatikana bure, lakini muda nao ni mali.

Ada hubadilika, na dola hupanda na kushuka. Kwa sababu hiyo hatutataja kiasi hapa. Tunasisitiza jambo moja: bei ya mtihani isomwe katika tovuti ya taasisi inayotoa cheti, isisomwe katika kipeperushi cha anayefundisha.

Jumla hiyo ikishapatikana, ilinganishwe na kitu halisi. Chukua matangazo kumi ya kazi unayoitamani, katika mji unaotarajia kufanyia kazi. Hesabu ni mangapi yanataja cheti hicho. Kama ni saba, una sababu ya kuendelea. Kama ni moja, huenda fedha ile ingefaa zaidi kununua kompyuta ya kujifunzia, au kukuwezesha kujitolea miezi mitatu katika ofisi yenye miradi.

Njia za mkato na mwisho wake

Kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Tumekutana na watu wanaotembeza ahadi tatu, na zote tunawaonya mzikwepe.

Ahadi ya kwanza ni ya kufaulu kwa hakika. Hakuna kituo cha mafunzo kinachosahihisha mitihani hii. Anayeahidi matokeo asiyoyamiliki, ama hajui anachokisema au anajua kupita kiasi.

Ahadi ya pili ni ya maswali yaliyovuja. Kuyatumia ni kuvunja masharti ambayo mtahiniwa huyakubali kabla ya kuanza mtihani, na taasisi zina mamlaka ya kufuta matokeo, kufuta cheti na kumzuia mhusika asirudi. Tena, hata asipokamatwa, hasara inamfuata. Katika miaka ya 1990, vyeti vya mitandao na mifumo ya kompyuta vilipoanza kusakwa sana, waajiri wa Marekani waliwapata watu waliokariri majibu lakini wasioweza kurekebisha mashine iliyozimika mbele yao. Wakawabandika jina la wataalamu wa karatasi. Leo mitihani ya CompTIA na Cisco inayo maswali yanayomtaka mtahiniwa atende jambo, asichague herufi tu.

Ahadi ya tatu ni ya mtu kukufanyia mtihani. Hii ni udanganyifu, na anayeinunua ni mshirika katika kosa. Mbali na hilo, humpa mgeni kitambulisho chake, nywila zake na siri itakayoweza kutumiwa kumtoza fedha maisha yake yote. Mtu wa namna hiyo akija kwetu kulalamika, tunabaki na kidogo sana cha kumsaidia.

Maswali saba kabla ya kulipa

Tunawaomba myaandike.

Kwanza, cheti nitakachopewa mwishoni ni cha kuhudhuria au cha umahiri, na nani hasa anayekitoa? Jibu litolewe kwa maandishi.

Pili, je, ninatimiza masharti ya kuomba mtihani leo, si baada ya miaka miwili? Masharti yasomwe kwa mwenye cheti.

Tatu, je, ada ninayolipa inajumuisha ada ya mtihani, au ni ya mafunzo peke yake?

Nne, je, kituo hiki kimesajiliwa na mamlaka inayohusika? Chuo cha elimu ya ufundi huulizwa kwa NACTVET, na chuo kikuu kwa TCU. Kinachodai kuwa mbia wa taasisi ya nje, jina lake litafutwe katika orodha ya taasisi hiyo.

Tano, jina langu katika maombi linafanana na lililo kwenye kitambulisho changu? Mtahiniwa aliyejiandaa miezi sita anaweza kurudishwa mlangoni kwa sababu ya jina lisilofanana.

Sita, nikishafaulu, mwajiri atalihakiki vipi jina langu? Cheti kisichoweza kuhakikiwa popote kina thamani ya karatasi kilichochapwa juu yake.

Saba, nikiahirisha au nikiugua, fedha yangu inarudije? Kama hakuna utaratibu ulioandikwa, dhani kwamba haurudishiwi.

Na baada ya maswali hayo, dai risiti ya EFD. Usitume fedha kwenye namba ya simu ya mtu binafsi kwa sababu "mhasibu ametoka". Tunza tangazo, ujumbe wa simu na risiti mahali pamoja. Mali bila daftari hupotea bila habari, na lalamiko bila ushahidi halifiki mbali.

Thamani yenyewe iko wapi

Ndugu wanafunzi, msije mkaondoka hapa mkidhani kwamba tunavidharau vyeti hivi. Mfanyakazi wa halmashauri ya mbali, asiye na ndugu katika ofisi kubwa wala jina la chuo mashuhuri, akifaulu mtihani uliofanywa kwa kipimo kimoja na mtu wa Nairobi, Muscat au London, amepata sauti ambayo hakuna wa kumnyang'anya. Hilo ni jambo kubwa. Vilevile, maandalizi ya mtihani mzuri humlazimisha mtu kuzijaza pengo za elimu yake: fundi mtandao anajifunza kwa nini jambo hufanyika, mbali na kujua namna ya kulifanya, na msimamizi wa mradi anajifunza kuandika hatari kabla hazijatokea.

Lakini cheti hakimpi mtu uaminifu, wala uvumilivu, wala busara ya kumwambia mkuu wake kwamba mradi umechelewa. Hakichukui nafasi ya shahada, wala shahada haichukui nafasi yake. Ni ushahidi wa kitu kilichokwisha kuwamo ndani ya mtu. Pasipo kitu hicho, ushahidi huo huanguka siku ya kwanza kazini.

Tumalizie pale tulipoanzia. Tulipokuwa tunasuluhisha lile lalamiko, kituo kilijitetea kwa hoja moja tuliyoikubali, na ndiyo iliyofanya nusu ya ada ibaki kwao: mafunzo yale yalikuwa ya kweli, siku tano kwa saa saba kila siku. Hizo ni saa 35 kamili, na dada yetu anayo haki ya kuzitumia atakapoomba PMP kwa masharti yake. Tulimweleza hivyo. Alifuta zile herufi tatu katika wasifu wake tukiwa tumekaa naye, akaandika badala yake idadi ya saa alizosoma na jina la aliyemfundisha. Kisha akatuuliza daftari la kuandikia miezi ya miradi linapaswa kuwa na safu gani. Tukamchorea: jina la mradi, tarehe ya kuanza, tarehe ya kumaliza, kazi aliyoiongoza, na jina la msimamizi anayeweza kuulizwa.

Tunawashauri nanyi mlianzishe daftari hilo kuanzia mradi wenu wa kwanza, hata ukiwa mdogo kiasi gani. Halina ada, na hakuna anayeweza kuwauzia lililojazwa tayari. Siku mtakapofika mbele ya wasaili, mkiwa na cheti au bila cheti, mtakuwa na jambo la kweli la kusema.